UZI: Injini ya helikopta ikizima angani, na yale tunayobishana huku chini

1/ Haya wadau, uzi wa leo ni mrefu, shikeni chai. Sheria za hapa mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja moja inayorudi kila mara kwenye mijadala ya siasa, tunaifungua tuone ndani kuna nini. Ya leo ni hii: helikopta ikianguka Kenya, kabla moshi haujaisha nchi imeshagawanyika. Hawa wanasema "ni injini tu", wale wanasema "wamemmaliza". Na wote hawana karatasi mkononi.

2/ Mimi ni wa Kinakomba, Tana River, nasoma sayansi ya siasa chuoni. Kurusha hata tiara sijui. Lakini hoja hii ina historia, na ukiifuata unaona jambo moja: injini kuzima angani ni shida ambayo mafundi wameihangaikia kwa miaka mia moja. Shida ambayo sisi hatujaihangaikia ni kile kipindi kati ya ajali na ripoti. Humo ndimo uvumi unamolelewa.

3/ Tuanze na tukio ambalo wengi bado wanalikumbuka. Alhamisi, Aprili 18, 2024. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikuwa ziarani North Rift kukagua usalama na shule zilizofungwa kwa sababu ya majangili. Helikopta yao ya Jeshi la Wanahewa, aina ya Huey, iliruka kutoka shule ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Dakika chache tu baadaye ikaanguka Sindar, Elgeyo Marakwet, ikashika moto. Ndani walikuwa watu 12. Walikufa 10, akiwemo Jenerali.

4/ Ogolla mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita na aliwahi kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa kabla ya kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2023. Alizikwa Jumapili Aprili 21, kwao Siaya, siku ya tatu tu baada ya ajali. Jina lake lilikuwa limeshaingizwa kwenye mabishano ya uchaguzi wa 2022, kwa hivyo kuni zilikuwa tayari, zikingoja kiberiti. Kabla hajazikwa, simu zetu zilishajaa "ukweli" wa aina kumi.

5/ Ripoti ya wachunguzi wa jeshi ilitufikia sisi wananchi mwaka 2025, ilipofika mbele ya kamati ya Bunge. Kwa ufupi: hitilafu ya injini, hakuna dalili ya hujuma. Sasa jiulize, kufikia hapo ni nani aliyebadilisha mawazo? Walioamini njama mwaka mzima walisema ripoti imepikwa. Walioamini injini walisema "si tuliwaambia". Karatasi imekuja, lakini imekuta kila mtu ameshajenga nyumba na kuhamia.

6/ Ili tusiwe kama hao, tuelewe kwanza injini ikizima kunatokea nini. Watu wengi hudhani helikopta bila injini ni jiwe. Sivyo. Unajua kititia? Kile kidude cha ukuti ambacho watoto hukimbia nacho kikazungushwa na upepo? Basi helikopta isiyo na injini inakuwa kititia kikubwa. Inaposhuka, hewa inapita kutoka chini kwenda juu kati ya mapanga, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoyazungusha.

7/ Marubani wanaita otorotesheni. Wazo hili ni la mwaka 1923, kutoka kwa Mhispania mmoja, Juan de la Cierva. Aliona ndege za wakati ule zikipunguza mwendo karibu na ardhi zinaanguka, akatafuta chombo kinachoweza kushuka polepole bila kuanguka. Akatengeneza otojairo: mapanga ya juu hayakuendeshwa na injini, yalizungushwa na hewa tu. Huzuni ni kwamba yeye mwenyewe alikufa Desemba 1936, London, kwenye ajali ya ndege ya kawaida ya abiria.

8/ Helikopta zilipokuja, mafundi walichukua wazo lile wakaongeza kifaa kinachofanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli. Ukiacha kukanyaga pedeli mteremkoni, gurudumu linaendelea, si ndiyo? Basi injini ikizima, kifaa hicho kinayaachilia mapanga ili yaendelee kuzunguka yenyewe, yasikwamishwe na injini iliyokufa.

9/ Lakini mapanga hayasubiri mtu. Injini ikizima, rubani ana kama sekunde moja au mbili hivi za kushusha mkono wa kushoto ili mapanga yalale na yaendelee kukamata hewa. Akichelewa yanapoteza kasi, na kasi ikipotea huwezi kuirudisha. Halafu ashuke, atafute uwanja, na akikaribia chini anyanyue pua kupunguza mwendo, kisha atumie nguvu iliyobaki kwenye mapanga kutua. Nafasi ya kutua ni moja. Hakuna kurudia.

10/ Na hapa ndipo penye siri ambayo mijadala ya redio haigusi: otorotesheni inataka KIMO au MWENDO, na mahali pa kutua. Kila helikopta ina mchoro kwenye kitabu chake unaoonyesha vimo na mwendo ambamo injini ikizima, hata rubani bingwa hana la kufanya. Uko chini mno na polepole mno. Hali hiyo inapatikana wapi? Mara tu baada ya kuruka, na wakati inaning'inia juu ya umati.

11/ Rudi sasa Cheptulel. Imeruka muda si mrefu. Eneo ni la milima, mabonde na miti. Mchana, nchi ya juu na yenye joto, hewa ni nyepesi, kwa hivyo injini na mapanga yote yanahangaika zaidi. Injini ikifa hapo, rubani anadaiwa kila kitu kwa wakati mmoja: kimo, mwendo, uwanja. Sisemi hilo ndilo jibu la kila swali. Nasema huhitaji bomu ili helikopta ianguke mahali kama pale.

12/ "Lakini mashahidi hutuambia walisikia mlio!" Swali zuri, na huulizwa kila ajali. Injini ya turbini inavuta hewa, inaikandamiza kwenye kompresa, inachanganya na mafuta na kuwasha. Mtiririko wa hewa ukivurugika ndani ya kompresa, hewa inarudi nyuma kwa kishindo. Mlio wake ni kama bunduki, na pengine moto unaonekana kwenye bomba. Mtu aliye shambani akisema "nilisikia mlipuko" hadanganyi. Ila mlio peke yake hauthibitishi bomu.

13/ Vinavyosababisha injini kupoteza nguvu ni vingi: mafuta kuisha au kuwa na maji na uchafu, kipuri kuchoka, ndege wa porini kuingia, vumbi. Vumbi hili tulichukulie kwa uzito sisi watu wa Tana. Vumbi laini likivutwa ndani linakwangua visu vya kompresa kidogo kidogo, kama msasa, mpaka siku moja injini inashindwa. Ndiyo maana injini hufungwa vichujio. Na viwanja vyetu vya shule, ambako chopa hutua, wakati wa kiangazi ni vumbi tupu.

14/ Sasa hoja za siasa, moja moja.

HOJA YA KWANZA: "Walipanda chuma chakavu." Huey iliruka mara ya kwanza Oktoba 1956. Ilikuwa miongoni mwa helikopta za kwanza kutengenezwa kwa wingi zikiwa na injini ya turbini, na jina limetokana na herufi HU-1 ambazo askari wa Marekani walizisoma "Huey". Zaidi ya 16,000 zilitengenezwa. Vita vya Vietnam vilizifanya zijulikane dunia nzima.

15/ Kenya ilipokea Huey II kutoka Marekani kuanzia mwishoni mwa 2016. Hiyo II maana yake ni bodi la zamani lililovuliwa, likakarabatiwa na kuwekewa injini yenye nguvu zaidi na vipuri vipya. Kwa hivyo anayesema "ni ya Vietnam" ana nusu ya ukweli, na anayesema "ni mpya" pia ana nusu. Isitoshe, Huey ina mapanga mazito yanayotunza kasi vizuri, kwa hivyo marubani huisifu kwa otorotesheni.

16/ Umri peke yake si hukumu. Kwenye ndege, kila kipuri kikubwa kina saa zake za kuishi. Zikifika, kinatolewa hata kama kinang'aa. Kwa hivyo swali la maana si "ilitengenezwa lini?" Swali ni: injini ile ilikuwa na saa ngapi, ilifunguliwa mara ya mwisho lini, nani aliweka sahihi, na vipuri vilitoka wapi? Majibu yako kwenye daftari la matengenezo. Mwanasiasa anayepiga kelele kuhusu umri bila kuuliza daftari anatafuta makofi.

17/ HOJA YA PILI: "Wakubwa wapewe za injini mbili, basi." Injini mbili zinasaidia, sipingi. Lakini sikia ya Glasgow, Uskoti. Novemba 29, 2013, helikopta ya polisi yenye injini mbili ilianguka juu ya paa la baa iliyojaa watu. Walikufa 10: watatu waliokuwa ndani yake na saba waliokuwa kwenye baa. Injini zote mbili zilizima, ya pili muda mfupi baada ya ya kwanza.

18/ Kwa nini? Mafuta yalikuwepo, zaidi ya kilo 70, kwenye tangi kubwa. Swichi za pampu zinazoyahamisha kwenda kwenye matangi madogo yanayolisha injini zilikuwa zimezimwa. Injini zikafa kwa njaa huku ghala lina chakula. Injini mbili hazikusaidia, kwa sababu tatizo lilikuwa moja kwa zote.

19/ Lakini nimeleta Glasgow kwa sababu nyingine. Ndani ya wiki chache wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walitoa taarifa ya awali. Oktoba 2015 wakatoa ripoti nzima, mtu yeyote asome: swichi, kilo za mafuta, taa za onyo, kila kitu. Wakapendekeza pia helikopta za polisi ziwekewe vinasa sauti na data, maana ile haikulazimika kuwa nacho. Haikurudisha mtu. Ila waliofiwa walijua wanalia nini, na marubani wengine wakajua wajihadhari na nini.

20/ HOJA YA TATU, na ndiyo kiini: "Hii ni siri ya jeshi." Hapa lazima turudi 1944. Desemba ile, Chicago, mataifa yalitia sahihi mkataba unaoongoza usafiri wa ndege mpaka leo. Kifungu cha 3 kinasema mkataba ni wa ndege za kiraia. Ndege za jeshi, forodha na polisi zimewekwa nje. Baadaye, 1951, ikaja nyongeza ya 13 kuhusu uchunguzi wa ajali.

21/ Nyongeza hiyo ina mambo matatu ya kukariri. Moja, uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kutafuta wa kufunga. Mbili, taarifa ya awali itoke ndani ya siku 30. Tatu, ripoti ya mwisho itoke ndani ya miezi 12 ikiwezekana, na isipowezekana, kila mwaka watu waelezwe uchunguzi umefika wapi. Kenya, ndege ya kiraia ikianguka, kazi hiyo ni ya idara ya uchunguzi wa ajali za ndege, AAID, chini ya wizara ya uchukuzi.

22/ Unaona pengo? Helikopta ya kukodi ikianguka Malindi, kuna saa inayohesabu siku 30. Helikopta ya jeshi ikianguka na Mkuu wa Majeshi ndani, saa hiyo haipo. Jeshi linajichunguza, kwa ratiba yake, na linaamua litoe nini. Glasgow ilikuwa ya polisi lakini ilisajiliwa kiraia na kuendeshwa na kampuni, ndiyo maana wachunguzi wa kiraia waliishika.

23/ Na jeshi lina sababu za haki. Kuna masafa ya redio, kuna operesheni, kuna njia wanazopita. Jirani zetu wa Lamu wanajua: Septemba 18, 2023, helikopta ya jeshi ilianguka kule ikiwa kwenye doria ya usiku, waliokuwemo wote wakafa. Hutarajii jeshi liandike gazetini lilikuwa linamtafuta nani. Lakini kipuri cha injini kilichokatika si siri ya vita. Unaweza kufuta ramani kwenye ripoti ukaacha injini.

24/ Kenya imewahi kufanya tofauti. Juni 10, 2012, helikopta ya polisi ilianguka Ngong, wakafa watu sita, akiwemo waziri wa usalama wa ndani na msaidizi wake. Siiweki kwenye kapu la injini kuzima. Naitaja kwa jinsi ilivyochunguzwa: iliundwa tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, na mashahidi wakahojiwa hadharani, wananchi wakifuatilia. Ilikuwa mali ya polisi, na nchi haikuanguka kwa sababu mafundi waliulizwa maswali mbele ya watu.

25/ Katiba ya 2010 pia haijanyamaza. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kinaitaka serikali yenyewe ichapishe habari muhimu zinazolihusu taifa. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaruhusu kuzuia mambo ya usalama wa taifa. Sawa. Lakini "usalama wa taifa" ni mlango wenye bawaba, usigeuzwe ukuta.

26/ Mtu wa Kinakomba ataniuliza: "Mwanangu, sisi na helikopta wapi na wapi?" Mzee wangu, tuko nayo karibu kuliko watu wa Nairobi. Wiki zilezile nchi ilipokuwa ikimlilia Jenerali, masika ya 2024 yalikuwa yakitumeza. Tana ilivunja kingo, barabara zikakatika. Aprili 28, boti iliyokuwa ikivusha watu pale Mororo ilipinduka, wengine hawakurudi. Miezi michache tu kabla, mwishoni mwa 2023, mafuriko ya El Niño yalikuwa yametukatia barabara vilevile.

27/ Barabara ya Garissa, Hola hadi Garsen ikikatika, dawa, unga na mama mwenye uchungu wa kuzaa wanaitegemea ndege. Na mara nyingi ndege yenyewe ni ya serikali: jeshi au polisi. Kwa hivyo matengenezo ya injini zile ni jambo letu. Vijana wetu wamo kwenye sare hizo pia. Injini yenye hitilafu haijui imebeba jenerali, gunia la mahindi au mgonjwa wa Kinakomba.

28/ Kisha 2027 inakuja. Mnajua msimu wa kampeni: chopa inazunguka juu ya uwanja mara tatu, watoto wanakimbia chini yake, mgombea anapunga mkono, mikutano sita kwa siku na jua linazama. Kumbuka ule mchoro wa kimo na mwendo. Kuning'inia chini chini juu ya umati ndiko mahali pabaya kabisa injini kufa. Na mkubwa anayemwambia rubani "twende tu, tumechelewa" anakula sekunde ambazo rubani atazihitaji.

29/ Kwa hivyo wakija kuomba kura, acha kuuliza "nani alimuua fulani?" Swali hilo wanalipenda, maana halina jibu na linachemsha damu. Waulize haya:
– Utaunga mkono sheria ya kuweka siku 30 za taarifa ya awali hata kwa ndege za serikali?
– Utataka mchunguzi asiye wa jeshi akae mezani na wachunguzi wa jeshi?
– Kamati yako ya Bunge itadai daftari za matengenezo kila mwaka, au itangoja mazishi?
– Chopa yako itatua wapi, na watoto watakuwa umbali gani?

30/ Kuna watakaosema hata ripoti ikitoka siku ya thelathini, wenye njama hawataamini. Wengine hawataamini, kweli. Lakini wengi wetu si watu wa njama. Ni watu walioachwa gizani na mtu wa kwanza aliyekuja na taa wakamfuata. Serikali ikitangulia na taa, hata kama ni koroboi, watu wataiona njia. Na familia kumi za Sindar zilistahili kuelezwa mapema, hatua kwa hatua, kabla ya WhatsApp kuwaeleza.

31/ Nimalizie. Rubani injini ikizima anapewa sekunde mbili, na amefunzwa miaka kuzitumia. Serikali inapewa siku 30 kwa ndege ya mtu binafsi, na kwa ndege yake yenyewe imejipa muda inaoutaka. Tukitaka ubishi huu upungue, hapo ndipo pa kubana.

Wiki ijayo: nani hasa anamiliki maji ya Tana, kaunti au taifa? Kama una swali kuhusu uzi huu weka hapo chini. Ukileta jina la mwanasiasa nafuta, mnanijua.